Vikunya wa Mlezi na Baridi Iliyofutwa

Kulikuwa na nchi, na kwa habari zinazotufikia bado ipo, ambayo jina lake lilichukuliwa na tume. Tume ilisema jina la zamani ni fupi mno kwa mafanikio makubwa namna ile, ikaondoka nalo kwenda kulitafutia refu zaidi, na tangu siku hiyo haijaonekana. Wananchi wameshazoea. Wakiulizwa wanatoka wapi husema wanatoka huku kwetu, na mambo yanakwenda.

Nchi hiyo inaongozwa na Mlezi wa Taifa, ambaye kazi yake ni kulea. Katika mwaka wa ishirini na saba wa malezi yake alialikwa nchi moja ya mbali, huko Amerika ya Kusini, akapandishwa milimani kwenye baridi ya kukata masikio, na wenyeji wakamwekea shali mabegani. Taarifa ya Ikulu ilisema Mlezi alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Shali ile ilikuwa ya sufu ya vikunya, mnyama wa porini wa milima ya huko, ambaye zamani sufu yake ilivaliwa na wafalme peke yao. Mlezi aliposikia neno wafalme akaishika shali kwa mikono miwili. Alirudi nyumbani na vikunya kumi na wawili, zawadi ya urafiki, pamoja na mzee mmoja wa kuwafundisha watu namna ya kukaa nao.

Wanyama walipelekwa Lupondelo, wilaya ya juu kuliko zote, ambako mwezi wa sita na wa saba maji huganda kwenye ndoo. Watu walijipanga barabarani kumpokea mnyama wa Ikulu, wakitegemea kuona kitu chenye mapembe. Wakaona kiumbe mdogo kuliko punda, shingo ndefu, miguu myembamba, rangi ya maandazi, kifua cheupe, na macho makubwa kama ya mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu. Wakapiga makofi hivyo hivyo, maana walikuwa wameambiwa wapige.

Kazi ya kuwatunza alipewa Ambonisye, mtu mzima aliyekuwa amekata sufu ya kondoo tangu ujana wake. Barua ya uteuzi ilimwita Mlinzi Mwandamizi wa Ulaini wa Taifa. Yule mzee mgeni hakujua neno hata moja la lugha ya hapa, na mkalimani aliyeletwa na serikali alijua Kifaransa tu, ambacho mzee hakukijua pia, basi mafunzo yote yakafanyika kwa mikono. Mzee alionyesha kwamba vikunya hafugiki. Ukimfungia peke yake hugoma kula mpaka afe. Alionyesha namna ya kumkamata: watu wengi washike kamba moja ndefu iliyofungwa vitambaa vya rangi, wauzunguke uwanda, wasogee polepole mpaka kundi liingie kwenye uzio wa miti, wanyama wakatwe sufu upesi, kisha waachiwe warudi walikotoka. Kamba yenyewe ilifika kifuani tu. Vikunya angeweza kuiruka bila hata kujitahidi, lakini haruki, na wataalamu wa wizara waliandika kwamba hiyo ni nidhamu.

Halafu mzee aliinua vidole vitatu, yaani miaka mitatu ipite kabla ya kukata tena. Mwisho akajikumbatia, akatetemeka mwili mzima, akatikisa kichwa mara nyingi, akamshika Ambonisye mabegani na kumtazama mpaka aone ameelewa. Wakati wa baridi usimkate. Ambonisye alielewa. Mzee akapanda ndege akaenda zake, na elimu yote ya vikunya katika nchi nzima ikabaki kwa mtu mmoja asiye na cheo cha kusikilizwa.

Miaka mitatu ilipotimia, alikuja Lupondelo Mheshimiwa Mbondela, Waziri wa Shangwe na Hali ya Hewa. Wizara hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa baada ya mvua kuharibu gwaride. Waziri aliitisha mkutano, akatangaza kwamba mwezi wa saba Mlezi angeadhimisha miaka thelathini ya malezi, na kwamba siku hiyo angevaa joho la sufu ya vikunya. Kwa hiyo vikunya wangekatwa mwezi wa sita. Watu wakapiga makofi. Ambonisye akanyoosha mkono.

“Mheshimiwa, mwezi wa sita ni baridi,” alisema. “Tukiwakata watakufa.”

Waziri hakukasirika. Alikuwa msomi, mwenye shahada ya heshima kutoka chuo ambacho yeye mwenyewe ni mkuu wake. Alimuuliza Ambonisye kwa upole baridi hiyo anayoisema imeletwa na nani. Ambonisye akajibu kwamba imeletwa na Mungu. Waziri akaandika jibu hilo kwenye daftari lake, akasema serikali italishughulikia.

Na kweli ililishughulikia. Baada ya wiki mbili redio ilisoma, mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa sita baridi imefutwa nchini kote. Ilielezwa kuwa baridi ni masalia ya ukoloni, kwamba haikuwahi kuwanufaisha wananchi, na kwamba nchi kadhaa rafiki zimeanza kuulizia utaratibu huo. Watu wa tambarare, ambao hawajawahi kuona baridi, walicheza ngoma mitaani. Watu wa Lupondelo waliisikiliza redio wakiwa wamejifunika blanketi.

Tangazo la pili lilifuata lenyewe, kama mtu akifikiri vizuri. Kwa kuwa baridi haipo, anayevaa sweta anaiambia serikali kwamba imesema uongo. Masweta yote, makoti na soksi nene vikusanywe. Yalipotokea mabishano kuhusu blanketi, wizara ilitoa ufafanuzi kwamba blanketi ni sweta lisilo na mikono. Kuwasha moto kwa ajili ya kupika kuliruhusiwa. Kuota moto hakukuruhusiwa, kwa sababu anayeota moto hana anachokiota zaidi ya uchochezi.

Aliyezunguka na gunia nyumba kwa nyumba alikuwa Fyandomo, mtendaji wa kata, naye alitembea akitetemeka, maana alianza na sweta lake ili awe mfano. Alipofika kwa Ambonisye alisimama mlangoni asiingie. Ndani alikuwamo mke wa Ambonisye, Tupokile, ambaye watu walimwita Mama Subi kwa jina la binti yao aliyeolewa bondeni. Mwaka juzi alikuwa ameugua kifua, akalala kitandani miezi miwili, na alipoinuka Ambonisye alimletea sufu ya kondoo wake mwenyewe, naye akafuma sweta refu, zito, lenye vifungo mbele. Tangu hapo hakulivua ila kulifua. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia mbele ya mumewe kwamba kifua kile kikipigwa na baridi tena hakitarudi.

Fyandomo alisema, “Shemeji, unisamehe.”

Mama Subi alifungua kifungo kimoja kimoja. Akalikunja sweta, akamwomba asilichanganye na yaliyolowa umande.

Ambonisye alikwenda wilayani siku iyo hiyo kuomba msamaha wa sweta. Alipewa fomu, na kwenye nafasi ya sababu aliandika baridi. Karani akamrudishia kwa huruma, akamweleza kwamba neno hilo halimo tena kwenye orodha ya sababu. Akaandika kifua. Baada ya siku nne jibu lilirudi na mihuri mitatu: ombi limekataliwa, kwa kuwa kifua ni kiungo ambacho kila mwananchi anacho.

Basi akabuni lake. Alibandika sufuria ya maji jikoni tangu asubuhi hadi jioni, ili mtu akiuliza aambiwe wanapika, na mkewe akaketi karibu na kuchochea. Kwa wiki mbili walipika maji. Kuni za mwezi huo zilikuwa mbichi, zikitoa moshi mwingi kuliko moto, na moshi ulimfanya Mama Subi akohoe hadi ashike ukuta. Ambonisye alimtazama na kuogopa. Alikuwa mtu asiyeogopa vitu vingi, na hofu ile hakujua aiweke wapi.

Vikunya walikatwa tarehe kumi. Watu wa Lupondelo walishika kamba wakiwa na mashati tu, wakawazungusha wanyama mpaka kwenye uzio, na Ambonisye akakata kwa mikasi yake kwa sababu alijua wakija wengine watawakata na ngozi. Aliwaachia sufu ya kifuani, kinyume cha maagizo. Wanyama waliachiwa wakiwa wamebaki nusu ya ukubwa wao, wakapanda kilimani wakasimama pamoja wamebanana. Sufu yote ilitosha upande wa mbele wa joho na mikono. Mafundi walipouliza kuhusu mgongo, itifaki ilijibu kwamba Mlezi hajawahi kuwapa watu wake mgongo na hataanza mwaka huu.

Katika wiki moja vikunya watatu walikufa. Ripoti ilisema wamestaafu. Mambo yangeendelea hivyo, ila balozi wa nchi ile ya mbali alikuwa amealikwa kwenye jubilei, na aliomba kwanza aje awaone wanyama wa kwao. Waziri alikuja Lupondelo mbio mbio. Aliwatazama wale tisa wanavyotetemeka, akatoa agizo ambalo vijana wa wizara walilisifu kwa wepesi wake: wavishwe masweta. Yapo mengi, alisema, yamekaa bure kwenye bohari la wilaya.

Fyandomo alijikaza akauliza kama hiyo haipingani na tangazo.

“Tangazo ni la wananchi,” Waziri alisema. “Hawa ni wageni. Hawakusomewa.”

Yakachaguliwa masweta tisa yenye vifungo mbele, kwa kuwa ni rahisi kumvisha mnyama asiyetulia. La saba lilikuwa la Mama Subi. Ambonisye ndiye aliyelivisha, kwa mikono yake, kwa vikunya jike mdogo aliyekuwa karibu kuanguka, na alipomaliza mnyama yule aliacha kutetemeka. Ambonisye alisimama pale hajui amefurahi au ameumia.

Nyumbani alimweleza mkewe, maana hawakuwa na tabia ya kufichana. Mama Subi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda.

“Linamtosha?” aliuliza alipopata pumzi.

“Mikono imezidi.”

“Umkunjie, asije akajikwaa.”

Lakini siku ya tatu hakucheka. Alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya jiko, midomo imebadilika rangi, na kanga tatu juu yake hazikusaidia kitu. Binti yao alikuwa ametumiwa ujumbe na bado hajafika. Jirani, Mama Sekunda, alikuwa anamsugua miguu. Mama Subi alimwita mumewe karibu, akamwomba lile sweta, hata kwa siku moja. Akipata joto la kulala mara moja tu, alisema, atamrudishia mnyama yeye mwenyewe.

Mtu mmoja hawezi kumkamata vikunya. Ambonisye alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Asubuhi hiyo alipita nyumba moja moja akaomba watu waje kushika kamba. Hakuwaficha ni ya nini, wala kwamba hakuna kibali. Walikuja karibu wote, wengine wagonjwa, wengine wamejifunga magunia chini ya mashati. Fyandomo alisema yeye hakuona chochote, kisha akashika mwisho wa kamba.

Walizunguka uwanda. Barafu ya usiku ilikuwa bado kwenye nyasi na wengi walikuwa pekupeku. Walisogea hatua kwa hatua, bila kelele, na wanyama tisa waliovaa masweta ya watu wakarudi nyuma wakiwatazama. Zilibaki hatua kama hamsini kufika kwenye uzio yalipotokea magari ya wizara, siku mbili kabla ya tarehe iliyotangazwa ya ziara ya balozi. Mheshimiwa Mbondela alishuka, na balozi nyuma yake. Waziri aliona watu, akaona kamba, na kwa sekunde moja hakuelewa. Halafu akamgeukia balozi akamweleza kwamba hili ni gwaride la heshima, ambalo wananchi wamelibuni wenyewe kwa mapenzi yao.

Kisha akahutubia. Alianza na kuzaliwa kwa Mlezi, akapitia utoto wake, ambao ulikuwa na dalili. Alieleza historia ya sufu tangu kuumbwa kwa dunia. Alieleza kwamba masweta yale ni vazi la taifa, na kwamba wanyama wameyachagua wenyewe. Jua lilipanda bila kuongeza joto. Ambonisye alikuwa ameshika kamba, anamwona vikunya jike wake ng’ambo, hatua hamsini, mikono ya sweta imekunjwa vizuri. Alihesabu sentensi. Kila Waziri alipovuta pumzi alidhani ndiyo mwisho, na haikuwa. Kamba ingeweza kuachiwa, mtu angeweza kuondoka tu, lakini watu mia moja walisimama na hakuna aliyeiachia.

Hotuba ilipoisha balozi hakupiga makofi. Alipita kando ya kamba akiwatazama watu midomo yao na miguu yao, akasimama mbele ya Ambonisye na kumshika mkono. Alikuwa amejifunza maneno machache ya lugha ya hapa.

“Baba,” alisema, “iko baridi?”

Waziri alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Waziri kulikuwa na polisi wawili. Ambonisye alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri. Akisema ndiyo, atapandishwa gari sasa hivi, na sweta litabaki kilimani. Akisema hapana, wataondoka.

“Hapana, mheshimiwa,” alisema. “Hakuna baridi.”

Balozi aliendelea kuushika ule mkono, ambao ulikuwa kama jiwe la mtoni, kisha akauachia. Magari yakaondoka.

Watu walimalizia zile hatua hamsini wakikimbia. Ambonisye aliingia kwenye uzio, akampata vikunya jike, akapiga magoti na kufungua kifungo cha kwanza. Alikuwa kwenye cha pili watu waliposhtuka kwamba Mama Sekunda anapanda kilima. Hakukimbia. Alisimama mbali kidogo, akaweka mikono kichwani.

Mnyama alikuwa ameanza kutetemeka.  Ambonisye akafunga kifungo cha pili, akafunga cha kwanza, akamwachia aende.

Mganga wa zahanati aliyeandika cheti cha kifo alikuwa kijana mwenye adabu. Alikaa na kalamu muda mrefu kwenye nafasi ya sababu ya kifo, akapitia orodha ya sababu zilizoruhusiwa, akaandika joto. Akamwomba Ambonisye radhi, akajifuta macho, akagonga muhuri. Walimzika alasiri, na binti yake Subi alifika wakati wanasawazisha udongo.

Sasa lilibaki tatizo la joho, na huenda wasomaji wenye akili wameshaliona. Siku tatu kabla ya jubilei, mshauri mmoja wa Ikulu alinong’ona kwamba Mlezi akivaa sufu nzito hadharani katika nchi isiyo na baridi, watu wanaweza kufikiri. Baraza likakaa. Redio ikatangaza kwamba kwa heshima ya sherehe, na kwa siku hiyo tu, baridi inarejeshwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, na kwamba katika muda huo kila mwananchi ana haki ya kuvaa sweta lake na kulifurahia.

Asubuhi ya jubilei masweta yaligawiwa uwanjani Lupondelo. Vikunya walizungushwa tena ili yale tisa yavuliwe. Fyandomo alisoma orodha, watu wakaitika, wakavaa na kuweka dole gumba. Alifika kwenye jina la Tupokile akasita. Ambonisye alikwenda mezani akamwomba aliache lile sweta lilipo.

“Kaka, orodha inataka mwenyewe awe amepokea,” Fyandomo alisema kwa sauti ya chini.

“Andika amepokea,” Ambonisye alisema, akaweka dole lake.

Kwa saa nne redio ilieleza joho lilivyong’aa kutoka mbele. Saa sita kamili king’ora kililia na baridi ikafutwa upya. Watu wa Lupondelo walivua masweta bila kuambiwa, wakayakunja vizuri, wakapanga foleni kuyarudisha. Vikunya wanane waliobaki bila kitu walikuwa wamesukumana nyuma ya mwamba. Balozi alikuwa amesharudi kwao kabla ya sherehe, na hakuna aliyekumbuka kuwavisha.

Ambonisye hakuwa na cha kurudisha. Alipanda kilimani peke yake, akaketi kwenye nyasi, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Vikunya jike hakumsogelea. Vikunya hafugiki, hata kwa huzuni ya mtu. Alisimama hatua kama ishirini, upepo ukimpiga, mikono ya sweta imefunguka na kuning’inia mpaka kwenye majani. Ambonisye alimtazama mpaka alipoweza kusema.

“Vaa tu, Mama Subi,” alimwambia. “Baridi haijaisha.”